JE, WAJUA? Wanyama wa Saint-Saëns huchekesha watoto na wakubwa

Mwaka 1886 mtunzi Mfaransa Camille Saint-Saëns alitunga *Le carnaval des animaux*, vipande 14 vifupi vinavyoigiza wanyama kwa ala. Watoto huvipenda upesi: tembo hucheza kwa mlio mzito wa fidla kubwa kuliko zote, na mifupa ya kale hugongana kwa marimba ya mbao.

Je, wajua kwamba:

• Kobe hucheza kankani ya mtunzi Offenbach, dansi ya kasi iliyovuma Paris, lakini polepole mno? Mtoto husikia kobe. Mkubwa anayeijua kankani huangua kicheko.

• Wapiga piano nao wamo katika orodha ya wanyama? Hutakiwa kupiga mazoezi kwa kusitasita kama wanagenzi.

• Saint-Saëns alijitania mwenyewe? Katika kipande cha mifupa ya kale alitia sauti za kazi yake ya awali, *Danse macabre*.

• Alikataza kazi hii ya wanyama isichapishwe akiwa hai, asije akaonekana si mtunzi makini? Aliruhusu kipande kimoja tu, *Le cygne*, kinachopigwa kwa sello. Alifariki Algiers, Desemba 1921. Kazi nzima ikachapishwa 1922, na leo ni miongoni mwa kazi zake zinazopendwa zaidi.

Isikilizeni pamoja nyumbani. Kabla ya kumtajia mtoto jina la kipande, mwulize: “Huyu ni mnyama gani?” Jibu lake litakufundisha kusikiliza.