Kiswahili Mlangoni, Kiingereza Ndani: Masomo ya Sheria na Mahakama za Meru na Embu

Utangulizi

Sheria na Kiswahili ni taaluma mbili ambazo katika vyuo vikuu vyetu hukaa katika majengo tofauti na aghalabu hazijuliani hali. Anayesoma Kiswahili hudhaniwa kuwa anaelekea kwenye ualimu au utangazaji. Anayesoma sheria hudhaniwa kuwa amekwisha kuagana na Kiswahili siku alipomaliza kidato cha nne. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dhana hizi hazina msingi. Yataeleza kwanza hatua anazopitia Mkenya hadi kuitwa wakili, kisha yatazame mahakama za Meru na Embu, ambako lugha ya shahidi na lugha ya kumbukumbu za kesi ni vitu viwili tofauti. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kimewekwa kwenye mlango wa taaluma ya sheria kama kigezo cha kuingilia, kisha kikaachwa papo hapo mlangoni. Anayelipa gharama ya hali hii si wakili bali ni raia anayesimama kizimbani.

Usuli wa elimu ya sheria

Hadi mwishoni mwa enzi ya ukoloni, Afrika Mashariki haikuwa na chuo cha kumfunza wakili. Aliyetamani kazi hiyo alilazimika kwenda Uingereza. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1961, ilipendekeza mafunzo ya sheria yatolewe barani Afrika kwenyewe. Mwaka huo huo Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Chuo cha Sheria cha Kenya kikaanzishwa jijini Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza shahada ya sheria mwaka 1970, na Chuo Kikuu cha Moi kikafuata mwaka 1994.

Kwa muda mrefu, basi, kijana wa Meru au Embu aliyetaka kusoma sheria alilazimika kuhama kwao. Martha Koome, aliyezaliwa mwaka 1960 katika kijiji cha Kithiu, Meru, alipata shahada yake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 na kuidhinishwa kuwa wakili mwaka 1987. Mwaka 2003 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na Mei 2021 akaapishwa kuwa Jaji Mkuu, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Siku hizi mwanafunzi wa eneo hili anaweza kuisomea shahada hiyo karibu na nyumbani, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Embu, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2016, kina Shule ya Sheria.

Hatua za kuwa wakili

Hatua ya kwanza ni kujiunga na shahada yenyewe. Kanuni za Baraza la Elimu ya Sheria za mwaka 2016 zinahitaji mtahiniwa wa KCSE awe na wastani wa alama ya C+ pamoja na angalau alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Neno la kuzingatia hapa ni ‘au’. Mtahiniwa aliyepata B katika Kiswahili na alama ya chini ya hiyo katika Kiingereza hajafungiwa mlango. Kanuni hizo zinamtambua pia mtu ambaye tayari ana shahada nyingine, na kwa hiyo mhitimu wa Kiswahili anaweza kuomba nafasi ya kusomea shahada ya sheria.

Hatua ya pili ni masomo ya miaka minne. Sheria ya Elimu ya Sheria ya mwaka 2012 imeorodhesha masomo 16 ya lazima, yakiwemo sheria ya mikataba, sheria ya jinai, sheria ya ushahidi, sheria ya katiba, sheria ya mali, sheria ya familia na mirathi, na falsafa ya sheria. Katika orodha hiyo hakuna somo hata moja linalohusu lugha ya Kiswahili.

Hatua ya tatu ni Chuo cha Sheria cha Kenya, kilichoko Karen, Nairobi. Hapa mwanafunzi hufunzwa masomo tisa ya utendaji, kama vile uendeshaji wa kesi za madai na za jinai, uandishi wa hati, uhawilishaji wa ardhi, usimamizi wa mirathi na maadili ya kazi. Mitihani yake husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Msomaji azingatie kwamba mlango wa chuo kikuu na mlango wa Karen ni milango miwili yenye masharti yake. Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya mwaka 2012 nayo inataja alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili, na tafsiri ya masharti yake imezua kesi kadhaa mahakamani. Ni busara kwa anayenuia kupitia njia isiyo ya moja kwa moja kuyasoma masharti ya milango yote miwili kabla ya kulipa karo.

Hatua ya nne ni uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mwenye tajriba. Baada ya hapo mwanagenzi huwasilisha ombi kwa Jaji Mkuu, hula kiapo, na jina lake huandikwa katika orodha ya mawakili. Hata hivyo, haruhusiwi kuhudumia wateja bila cheti cha kazi ambacho hutolewa upya kila mwaka. Ni katika uanagenzi ndipo kijana huyu, pengine kwa mara ya kwanza tangu kidato cha nne, hulazimika kumhoji mtu kwa Kiswahili kuhusu jambo linaloweza kumpeleka gerezani.

Msimamo wa sheria kuhusu lugha ya mahakama

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha inayotumiwa katika kesi. Hata hivyo, sheria zilizo chini ya Katiba zina mpangilio wake. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Taratibu za Mashauri ya Madai kinasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, ilhali lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Maombi ya maandishi yanatakiwa yawe kwa Kiingereza. Kifungu cha 198 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kina mgawanyo kama huo. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 259, inaelekeza kuwa matoleo ya lugha mbalimbali yakitofautiana, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa.

Jirani zetu wamechukua mkondo mwingine. Nchini Tanzania mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili kwa miongo mingi, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla. Kazi ya istilahi ilikuwa imetangulia: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya sheria mwaka 1999. Kwa hivyo, dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubebea dhana za kisheria haliwezi kutolewa tena bila aibu.

Hali ilivyo Meru na Embu

Meru na Embu ni eneo la lugha nyingi zilizo karibu karibu. Kimeru kina lahaja zake, zikiwemo Kiimenti, Kitigania na Kiigembe. Upande wa Embu kuna Kiembu na Kimbeere. Hakimu anayehamishiwa Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago aghalabu hutoka sehemu nyingine ya nchi. Kiswahili ndicho hujaza pengo hilo, na anayefanya kazi ya ukalimani kwa kawaida ni karani wa mahakama.

Tuifuate safari ya neno moja. Shahidi husema kwa Kimeru. Karani hufasiri kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Hakimu huandika kwa Kiingereza. Mtu akikata rufaa, faili hupelekwa Mahakama Kuu, ambako jaji hulazimika kuupima upya ushahidi kama ulivyoandikwa, huku akikumbuka kwamba yeye hakupata nafasi ya kumwona wala kumsikia shahidi. Maneno ya awali ya shahidi hayamo tena katika faili. Iwapo karani aliteleza, kosa lake sasa ndilo ushahidi.

Katika kesi za ardhi, ambazo ni nyingi katika eneo hili, jambo hili si dogo. Kiswahili cha mazungumzo kina neno ‘shamba’ kwa ardhi inayolimwa, kwa kipande chenye hatimiliki na kwa ardhi ya ukoo isiyosajiliwa. Mzee anaposema ‘alinipa shamba’, sheria inataka kujua kama alipewa umiliki au ruhusa ya kulima tu. Kitenzi ‘kupa’ hakielezi. Wakili anayejua lugha ataona utata huo na kuuliza swali la pili. Asiyeujua ataandika katika hati ya kiapo neno la Kiingereza lenye maana moja tu, na mzee atatia kidole gumba.

Tafsida kizimbani

Mfano mzito zaidi unahusu watoto. Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru, mbele ya Jaji J. A. Makau, ilitoa uamuzi katika Ombi Nambari 8 la mwaka 2012. Waliowasilisha ombi walikuwa wasichana 11 walionajisiwa pamoja na Ripples International, shirika linalowatunza watoto huko Meru. Hawakuwa wakiwashtaki waliowanajisi. Lalamiko lao lilihusu polisi, kwamba walipelekewa ripoti nao hawakuzichunguza ipasavyo. Mahakama iliamua kwamba uzembe huo ulikiuka haki za watoto hao, na ikaamuru uchunguzi ufanywe haraka na kwa ustadi. Uamuzi huo umejulikana kote duniani.

Hata hivyo, kesi ya unajisi ikishachunguzwa, hatimaye mtoto hutakiwa kusema. Nasi wanafunzi wa fasihi na isimu tunajua atakavyosema: kwa tafsida. Katika mahakama za Kenya kauli ya kawaida ya mtoto ni ‘alinifanyia tabia mbaya’. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inataka kitendo mahususi kithibitishwe, na kauli hiyo haikitaji. Mawakili wa utetezi wamewahi kudai kwamba maneno hayo hayatoshi. Katika uamuzi wa mwaka 2017, Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba ni kawaida kwa mtoto kuona haya, na kwamba mahakama zetu zimekuwa zikikubali tafsida kama hizo.

Huu ni uamuzi wa kisheria, lakini ndani yake mna somo la pragmatiki. Maana ya tafsida hutegemea umri wa msemaji, malezi yake, anayeambiwa na mahali inaposemwa. Ikitafsiriwa neno kwa neno, ‘tabia mbaya’ hugeuka kuwa utovu wa adabu tu, kana kwamba mtoto alilalamika kuwa mtu hakumwamkia. Karani au wakili asiyetambua tafsida anaweza kuiangusha kesi ya kweli. Anaweza vilevile kuongeza maana ambayo mtoto hakuikusudia, na mtu asiye na hatia akafungwa miaka mingi. Haki ya pande zote mbili inategemea ujuzi ule ule.

Tufanye nini?

Kwanza, idara za Kiswahili na za sheria zishirikiane kutunga kozi ya Kiswahili cha kisheria. Masomo 16 ya lazima hayakikatazi chuo kuongeza mengine, na Embu, penye shule ya sheria inayozungukwa na mahakama zinazotumia Kiswahili kila siku, ni mahali panapofaa kuanzia.

Pili, watafiti wetu waingie mahakamani. Katiba inataka kesi zisikilizwe hadharani, isipokuwa pale mahakama inapofunga milango kwa sababu maalumu, kama katika kesi za watoto. Aidha, Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria huchapisha maamuzi ambayo yeyote anaweza kuyasoma bila malipo. Tumeandika tasnifu nyingi juu ya lugha ya matangazo ya biashara. Lugha ya kizimbani ina uzito zaidi kwa anayeisema.

Tatu, ukalimani wa mahakama utambuliwe kuwa taaluma yenye mafunzo yake, badala ya kuwa mzigo wa ziada wa karani.

Nne, tusiipuuze sheria isiyoandikwa. Ibara ya 159 ya Katiba inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikiuke Sheria ya Haki. Baraza la wazee wa Ameru, Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, limeamua mashauri kwa mdomo tangu kabla ya ukoloni. Mjadala wa namna hiyo ni hazina kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi na kwa mwanafunzi wa sheria pia.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba njia ya uwakili nchini Kenya huanza kwa kukitambua Kiswahili na kuendelea kwa kukisahau, na kwamba usahaulifu huo huonekana waziwazi katika mahakama za chini za Meru na Embu. Waliotunga masharti ya kujiunga walitambua kwamba sheria ni kazi ya lugha. Ndiyo maana wakadai alama ya B. Wasichosema ni lugha hiyo ifanyiwe nini baadaye. Jibu la swali hilo lisisubiriwe kutoka kwa wanasheria peke yao. Ni kazi inayowapasa pia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, na inaweza kuanza kwa jambo dogo: kuketi asubuhi moja katika mahakama iliyo karibu, daftari mkononi, na kusikiliza shahidi anasema nini na nini kinaandikwa.