Simfisisi: Istilahi ya Kigiriki na Taya la Kanam

Tarehe 29 Machi 1932, Juma Gitau, mfanyakazi katika msafara wa L. S. B. Leakey, alipata kipande cha taya la chini huko Kanam, kusini mwa Ghuba ya Winam, katika Homa Bay ya leo. Kilikuwa cha upande wa mbele, pale ambapo nusu mbili za taya hukutana. Leakey aliona hapo dalili za kidevu, alama ya binadamu wa sasa. Akadai kwamba mtu wa namna hiyo ni wa kale mno, na akamwita Homo kanamensis. Wachunguzi wa baadaye, akiwemo Phillip Tobias, walieleza kuwa umbo hilo lilitokana na uvimbe wa maradhi. Hivyo ubishi huo mkubwa ulihusu sehemu ndogo ya mfupa, ambayo Kiingereza huiita symphysis.

Neno hilo limeundwa kwa Kigiriki sun, ‘pamoja’, na phusis, ‘kuota, kukua’. Shina hili la pili limo pia katika neno fizikia, ingawa ni wachache walitambuao humo. Galen, aliyeandika katika karne ya 2, aligawa makutano ya mifupa mafungu mawili: arthron, ambapo mifupa hukutana na kila mmoja ukabaki peke yake, na symphysis, ambapo huwa kana kwamba imeota pamoja. Taya la chini la mtoto mchanga ni vipande viwili. Huwa kimoja katika mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo mfasiri aandikaye ‘kiungo’ huifuta tofauti hiyo, kwani goti ni kiungo na kiwiko pia, na vyote viwili ni arthron. ‘Simfisisi’ ni tohozi salama, lakini ni bubu kwa mwanafunzi wa uuguzi wa Migori ambaye lugha yake ya kwanza ni Kijaluo au Kikuria. ‘Muungano’ lina harufu ya siasa. Afadhali kitenzi kisemwacho juu ya mfupa uliovunjika ukapona: mfupa umeunga. Kutokana nacho yaweza kuundwa nomino ‘mwungo’, na kusemwa ‘mwungo wa taya’.

Kipingamizi kimoja kipo. Mifupa ya kinena nayo ina symphysis, lakini hiyo kwa kawaida haiungi kamwe. Hushikwa na gegedu, nayo hulegea kidogo wakati wa ujauzito. Lakini Galen mwenyewe aliyahesabu makutano ya gegedu katika fungu hilohilo, na ‘mwungo wa kinena’ una haki ya kupewa nafasi hiyo.