Milinganyo ya Figo na Hesabu ya Kunukuliwa

Andrew Levey, daktari wa figo wa Boston, Marekani, ni miongoni mwa watafiti wanaonukuliwa sana katika fani yake. Sababu kubwa ni milinganyo. Mwaka 1999 yeye na wenzake, wakitumia takwimu za wagonjwa 1,628, walichapisha njia ya kukadiria kasi ya figo kuchuja damu kutokana na vipimo vya damu, umri, jinsia na rangi ya mtu. Mwaka 2009 wakatoa nyingine iliyo sahihi zaidi. Maabara nyingi ziliipokea, na watafiti walioitumia wakalazimika kutaja chanzo. Ndiyo maana makala ya mbinu mara nyingi hunukuliwa zaidi kuliko ya tiba.

Wingi huo wa kunukuliwa hupimwa kwa kielezo cha h, alichobuni Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye h ya 50 ana makala 50, kila moja imenukuliwa angalau mara 50. Lakini kunukuliwa si kuthibitishwa. Milinganyo hiyo ilimkadiria mtu mweusi kuwa na figo zenye nguvu zaidi, jambo lililoweza kumchelewesha kupata matibabu au figo ya kupandikizwa. Kigezo hicho cha rangi kiliondolewa mwaka 2021, kwa kuchelewa mno.