Kufua Nguo huko Vitshumbi

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi katika Kivu ya Kaskazini. Kiko upande wa kusini wa ziwa Edward, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Goma, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Goma iko juu, nako kuna baridi kidogo. Vitshumbi iko chini, katika bonde pana la majani. Si jangwa, maana ziwa lipo. Lakini jua lake ni kali, na wakati wa kiangazi vumbi huingia hata sandukuni.

Mvuvi arudipo asubuhi, nguo yake ina jasho, na damu na utelezi wa samaki. Mke wake haitii katika maji ya moto. Maji ya moto huigandisha damu ndani ya nyuzi, kama yai ligandavyo katika sufuria, na alama haitoki tena. Yeye huiloweka kwanza katika maji baridi, ndipo atie sabuni. Harufu ya samaki ikibaki, hukamua ndimu katika maji ya kusuuza. Jasho nalo lina chumvi. Nguo yenye jasho ikiachwa siku nyingi, huchakaa upesi kwapani na shingoni. Afadhali isuuzwe jioni ile ile, hata kama sabuni imekwisha.

Maji hutoka ziwani, na hapa pana hatari. Mchana viboko hukaa majini karibu na nchi kavu, nao huua watu. Msichana aliyeinama juu ya nguo, maji yakimfika magotini, haoni kinachomjia. Kwa hiyo wenye busara huenda kuteka maji pamoja na wenzao, huangalia kwanza, kisha hufulia nyumbani katika beseni.

Tena watu hunywa maji ya ziwa lile lile. Kipindupindu kimerudi mara nyingi katika nchi hii ya maziwa. Mwaka 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi huko Goma. Mdudu wake ni mdogo, haonekani kwa macho, naye hukaa katika uchafu wa mgonjwa. Nguo na shuka za mgonjwa zikifuliwa ziwani, jirani atachota ugonjwa kwa ndoo yake. Hizo huchemshwa, hata kama alama zitabaki, na maji yake humwagwa chooni.

Sasa nguo ni safi, ianikwe wapi? Shati jeupe lipate jua lote, maana jua hulizidisha weupe na kuua wadudu. Kikwembe cha rangi, kile cha Misa ya Jumapili, jua hukila: baada ya miezi michache nyekundu imekuwa kama udongo. Hicho hugeuzwa nje ndani na kuanikwa kivulini. Nacho kianikwe juu ya kamba, si chini, kwa sababu marabu, wale ndege wakubwa wenye upara, hutembea kati ya nyumba wakitafuta matumbo ya samaki, wala hawachagui mahali pa kukanyaga.

Lakini kivuli nacho kina adui. Kuna inzi mmoja wa rangi ya manjano ambaye hulikimbia jua kali. Hutaga mayai katika mchanga wa kivulini, au katika nguo mbichi iliyoanikwa hapo. Baada ya siku chache funza hutoka katika yai. Nguo ikivaliwa, huingia katika ngozi bila kuhisiwa, na mahali pale huota jipu lenye tundu dogo juu. Watoto wachanga huumia zaidi.

Dawa yake ni pasi ya makaa. Mama hupiga pasi nepi za mtoto pande zote mbili, hata kama hakuna atakayeziona. Penye pindo, nguo ilipokunjwa mara mbili, huikawiza pasi kidogo, kwa kuwa moto huchelewa kupenya. Asiye na makaa siku hiyo huacha rangi ipotee, akaanika juani.