Ufito wa Kusafishia Mtutu wa Bunduki: Chagua Usioumiza Mifuo

Mmiliki halali wa bunduki hufundishwa mapema kwamba silaha chafu haiaminiki. Ni wachache wanaoambiwa kwamba mtutu unaweza pia kuharibiwa na kifaa cha kuusafishia. Mkazi wa Masasi au Newala aliye mbali na duka la vifaa vya silaha huvutwa kutumia kilicho karibu, kama vile waya wa chuma, nondo nyembamba au spoku ya baiskeli. Makala hii inaeleza kwa nini vitu hivyo havifai na namna ya kuchagua ufito salama.

Kwa nini mtutu huumia

Ndani ya mtutu wa bunduki ya risasi moja moja kuna mifuo iliyochongwa kwa mzunguko. Mifuo hiyo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja. Katika bunduki nyingi za kipenyo cha milimita 7.62, kina cha mfuo ni takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya daftari. Sehemu iliyo dhaifu zaidi ni mdomo wa mtutu, ambapo risasi huguswa kwa mara ya mwisho. Ukingo wake ukilika upande mmoja, risasi hupinda njia. Kwa anayelinda shamba la mihogo dhidi ya nguruwe pori, kosa hilo laweza kumwacha mnyama aliyejeruhiwa kichakani, au kuipeleka risasi kusikokusudiwa.

Mara nyingi kinachosaga chuma ni mchanga. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha mtutu, na ardhi ya kichanga ya maeneo yetu huzipeperusha kila mahali wakati wa kiangazi. Zikishika kwenye ufito, kila msuguo huwa kama wa msasa.

Aina za fito

Chuma cha pua kilichovikwa nailoni. Huu ndio uchaguzi unaofaa watumiaji wengi: haupindi kwa urahisi na gamba lake haliumizi mifuo. Gamba likichubuka, acha kuutumia.

Nyuzi za kaboni. Ni nyepesi, na zikipinda hurudi kunyooka. Bei yake kwa kawaida ni kubwa zaidi.

Shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki. Ni laini kuliko mtutu, lakini ulaini huo huruhusu mchanga kujichomeka ndani yake. Ufute kila mara. Dawa za kuondoa masalia ya shaba huula pia ufito wenyewe, hivyo kitambaa chaweza kutoka na rangi ya kijani au buluu ingawa mtutu umekwisha kutakata.

Alumini ya vipande. Hupinda upesi, hushika mchanga, na maungio yake hukwaruza mifuo. Iepuke kwa bunduki yenye mifuo. Kwa bunduki ya marisau, ambayo mtutu wake ni laini ndani, madhara ni madogo.

Nondo, waya na spoku. Usitumie kabisa.

Kabla ya kulipa

1. Usiende na bunduki dukani. Andika kipenyo kilichochongwa kwenye mtutu, kisha ununue ufito mwembamba kuliko kipenyo hicho.
2. Chagua ufito wa kipande kimoja.
3. Uviringishe juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ukirukaruka, umepinda.
4. Ukiambiwa ni wa shaba, ujaribu kwa sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi.
5. Hakikisha mpini unazunguka wenyewe, ili brashi ifuate mifuo, na kwamba hesi za ufito na brashi zinalingana.
6. Dai risiti. Bila risiti ni vigumu kurudisha bidhaa mbovu.

Namna ya kuutumia

Toa risasi zote, uziweke mbali, kisha kagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Bunduki ikiruhusu, toa bolti na usafishe kutoka nyuma, risasi inakoingilia. Ikilazimu kuanzia mdomoni, tumia kiongozi cha ufito kinachozuia usiguse ukingo. Futa ufito kwa kitambaa safi kila unapoutoa. Mwisho, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa msimu wa mvua, kwa kuwa unyevu huleta kutu upesi.

Kitambaa au ufito ukikwama, usijaribu kamwe kuusukuma kwa kufyatua risasi. Mtutu uliozibwa waweza kupasuka na kumkata mfyatuaji mkono au kumpofua. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni. Kabla ya matumizi yoyote, tazama kupitia mtutu mtupu ukielekea mwanga: ukiuona mwanga duara kamili, njia i wazi.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humtaka mmiliki awe na leseni na aitunze silaha yake kwa usalama. Ufito mzuri hudumu miaka mingi, ilhali mtutu uliolika hauponi. Tiba yake ni kukatwa ukingo upya na fundi au kubadilishwa, na gharama ya kazi hizo huipita mbali bei ya ufito.