Mtaro Mpana Hautaokoa Watu wa Bondeni

Kila nikieleza kwamba uwanja wa mpira wa shule unaweza kupunguza mafuriko, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na swali lile lile: "Mhandisi, kwa nini msijenge tu mtaro mkubwa maji yaende zake?" Nimeulizwa kwenye vikao vya mitaa, vya madiwani, hata na wahandisi wenzangu, ambao hawana udhuru. Tulimalize leo, maana kila masika watu wanaendelea kuhamishia magodoro juu ya makabati.

Mtaro hauhifadhi maji. Unayahamisha, na yanakohamia kuna watu. Chukua mtaro wa udongo uliojaa majani, usakafie kwa zege bila kubadili umbo wala mteremko: maji yatakwenda karibu mara mbili ya kasi ya mwanzo. Mtaa wa juu utashukuru. Lakini hapa Dar es Salaam mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapokea mitaro ya mitaa chungu nzima, unapita Jangwani na kuingia baharini kwenye Daraja la Salender. Zamani maji yalichelewa njiani, kwenye madimbwi, mashamba na vichaka. Siku hizi mvua ile ile inashuka bondeni kwa muda mfupi zaidi, kwa hiyo kina kinapanda zaidi. Kinachobomoa ukuta wa nyumba ni wingi wa maji yanayofika kwa saa moja. Yakigawanywa kwa saa kumi, mto unayamudu.

Halafu kuna bahari. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hapa huzidi mita 3. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mto hauna pa kutokea, na upana wa mtaro wako kule juu hausaidii kitu. Na mchanga je? Nenda kaangalie kalavati la mtaani kwako siku ya pili baada ya mvua: mchanga umefika magotini, na juu yake chupa za plastiki, matawi na nguo kuukuu. Mtaro uliogharimu fedha nyingi umebakiwa na nusu ya nafasi yake. Kila anayeahidi kumaliza mafuriko kwa mtaro mpana pekee anawadanganya wananchi, hata kama nia yake ni njema.

Sasa tupige hesabu. Uwanja wa mita 105 kwa 68, ukishika maji ya kina cha sentimita 30, unabeba zaidi ya mita za ujazo 2,100. Mvua ya milimita 50 kwenye hekta moja ya mabati na pevingi hutoa kama mita za ujazo 400. Ukishatoa mvua iliyonyesha juu ya uwanja wenyewe, shule moja inawashikia jirani zake maji ya zaidi ya hekta 4.

Wajapani wamelifanya hili kwa miongo kadhaa. Mwaka 1958 bonde la mto Tsurumi, upande wa Yokohama, lilifurika na nyumba zaidi ya 20,000 zikaingiliwa na maji. Mji ulipozidi kutanuka, waliona kupanua mto peke yake hakutoshi, wakaanza kushikilia maji kwenye viwanja vya shule na bustani. Eneo lao kubwa la kuhifadhi maji, lililoanza kazi mwaka 2003, linabeba mita za ujazo milioni 3.9, na ndani yake umo uwanja wa kimataifa uliojengwa juu ya nguzo. Oktoba 2019 Kimbunga Hagibis kilipopita, eneo hilo lilipokea karibu mita za ujazo 940,000. Kesho yake Japani na Scotland walicheza mechi ya Kombe la Dunia la Raga uwanjani humo humo.

Kwa shule zetu: tuta la udongo la nusu mita kuzunguka uwanja, lipandwe nyasi. Tundu la kutolea maji la sentimita 20, lenye wavu, litaukausha uwanja kwa takribani siku moja. Mbu anahitaji wiki au zaidi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo hofu ya malaria haina msingi mradi uwanja usawazishwe usibaki na madimbwi. Wekeni njia ya dharura ya kumwagia maji yakizidi. Maji ya vyoo yasiingie kamwe. Lango lifungwe maji yakiwemo, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye sentimita 30, na kwa shule ya awali punguzeni kina. Matope yazolewe kabla ya michezo kurudi. Shule isiyo na mtu wa kusafisha tundu isianze.

Kamati za shule, andikieni halmashauri mwombe mhandisi aje kupima sasa, kiangazi. Masika huanza Machi, na tuta ambalo halijaota nyasi huoshwa na mvua za mwanzo.