Karo ya Muziki: Unapolipia Somo Moja, Unalipia Nini Hasa?

Hivi majuzi tulipigiwa simu na mteja wetu mmoja, mama wa mtoto anayejifunza fidla. Alikuwa ametuma karo ya muhula mzima kwa nambari aliyoletewa kwa SMS. Ujumbe ulisema mwalimu amebadilisha nambari, na kwamba akilipa siku hiyo hiyo atapunguziwa kidogo. Mama akalipa. Wiki iliyofuata ofisi ya chuo ikampigia kumuuliza karo iko wapi. Hapo ndipo alipojua ameliwa.

Tulimsaidia kuripoti, lakini pesa ilikuwa imeshatolewa. Mtoto akakaa nyumbani muhula wote. Na fidla ukiiweka chini miezi mitatu, vidole vinasahau.

Wengi wetu tukisikia "karo ya muziki" tunafikiria ni pesa ya starehe, kitu cha kulipia ikibaki. Leo tuangalie pesa hiyo inafanya kazi gani, na unavyoweza kuipanga na kuilinda.

Chuo huru cha muziki ni nini?

Hapa Kenya muziki unafundishwa sehemu nyingi: shuleni, kanisani, kwenye bendi, hata kwa Kenyatta University, ambayo ina idara yake ya muziki. Chuo huru ni tofauti kidogo. Hakiko chini ya shule wala chuo kikuu. Kinapokea mtu yeyote anayetaka kujifunza, awe mtoto wa darasa la pili au mzee aliyestaafu, na kinamfundisha ala anayoitaka.

Kile ambacho Wakenya wengi wanakijua ni Kenya Conservatoire of Music, kilichoanzishwa Nairobi mwaka wa 1944. Kwa miaka mingi kilijulikana kuwa pale Harry Thuku Road, jirani na Kenya National Theatre. Kwa hivyo kina umri mkubwa kuliko uhuru wetu.

Utauliza: si tuna vipaji tele? Kweli, na vingine havikuhitaji darasa. Nyatiti imepitishwa kwa wachezaji wa Kiluo kizazi hadi kizazi bila cheti. Lakini kuna kazi ambazo kipaji peke yake hakitoshi. Mwaka wa 1963, nchi ilipotafuta Wimbo wa Taifa, kamati ya wanamuziki watano ilichukua sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Sauti ilikuwa ya akina mama wa Mto Tana. Lakini ili bendi ya jeshi, kwaya na wanafunzi wote waimbe kitu kimoja kwa namna moja, ilibidi wawepo watu wanaojua kuandika noti na kupanga sauti. Ujuzi huo ndio unaofundishwa chuoni.

Na haukai chuoni. Anayejifunza piano leo, kesho anapiga kinanda kanisani, anafundisha kwaya ya shule kwa ajili ya Kenya Music Festival, au anashikilia besi kwenye harusi yako.

Mbona karo ni ghali?

Darasani mwalimu mmoja anaweza kufundisha watoto 40 kwa saa moja. Piano haifundishwi hivyo. Mara nyingi ni mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, nusu saa au saa nzima. Mwalimu analipwa kwa muda huo. Juu yake kuna kodi ya nyumba, stima, na fundi wa kurekebisha sauti za piano, maana piano haikai sawa milele, haswa hali ya hewa ikibadilika.

Ukiwa unalenga mitihani, mingi ni ya bodi ya ABRSM ya Uingereza, yenye gredi 1 hadi 8. Ada ya mtihani hulipwa kando na karo, na ina tarehe ya mwisho.

Sasa chukua chuo ambacho hakina mlipaji mwingine wa uhakika. Wazazi kumi wakichelewesha karo mwezi mmoja, mwalimu ndiye anaumia kwanza. Anatafuta kazi kwingine, na mwanafunzi wako anabaki bila mtu wa kumfundisha.

Zanzibar ilituonyesha hatari

Hili si jambo la kuwaza tu. Majirani zetu wa Zanzibar wana chuo huru kinachoitwa Dhow Countries Music Academy. Kilianzishwa mwaka wa 2002, na kwa miaka mingi kilikaa ndani ya jumba la Old Customs House, Mji Mkongwe, likiangalia bahari. Wanafunzi hujifunza taarab, kidumbak, udi, ganuni na fidla. Ni muziki ambao watu wa Mombasa na Lamu wanaujua kama wao. Siti and the Band, kundi linalochanganya taarab na mitindo mingine, lilianzishwa na vijana waliopita chuoni hapo.

Karo ilikuwa ya chini ili vijana wa kawaida waingie, na hata hiyo wengi hawakuiweza. Pengo lilizibwa na wafadhili wa nje. Wafadhili walipopungua, mwaka wa 2019 chuo kilitangaza wazi kwamba kiko hatarini kufungwa. Jina kilikuwa nalo, na wanafunzi pia. Kilichokosekana ni pesa ya kuendesha mwezi hadi mwezi.

Funzo tunalolipata ni kwamba chuo huru kinaishi kwa pesa ndogo ndogo zinazofika kwa wakati. Ufadhili mkubwa unasaidia, lakini unaweza kukatika siku moja.

Ipange karo kabla haijakubana

Vyuo vingi hutoza kwa muhula, na hutaka pesa mwanzoni. Tuchukue mfano: masomo 10 kwa KSh 1,500 kila moja, jumla KSh 15,000. (Huu ni mfano wetu tu, uliza bei ya chuo chako.) Ukiitafuta yote Januari, unaijua hiyo Njaanuari: sare, vitabu, kodi, na Krismasi imeshakula kila kitu.

Ukianza Oktoba 1, una siku 92 hadi mwisho wa mwaka. Weka KSh 165 kila siku na utafikisha KSh 15,180. Ni kama nauli ya kwenda na kurudi kwa wengi wetu.

- Fungua akiba ya kando kwenye simu na uipe jina, kwa mfano "Fidla". Pesa yenye jina ni ngumu kuila.
- Weka siku ile ile unayopata. Kama unalipwa kwa siku, weka kwa siku. Kama ni kwa mwezi, weka siku mshahara unapoingia.
- Lipa chuo mara moja kwa muhula badala ya vipande vipande, ili usikatwe ada ya kutuma kila mara.
- Ukiona hutafikisha, ongea na ofisi mapema. Kupanga malipo na mtu aliyekuja kabla ya tarehe ni rahisi kuliko na aliyenyamaza.

Ilinde njiani

Sasa turudi kwa yule mama. Angefanya mambo matatu tu, pesa ingefika.

Kwanza, lipa kwa Paybill au Till ya chuo, si kwa nambari ya mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni mwalimu unayemjua. Nambari ichukue ofisini au kwenye risiti ya zamani, usiitoe kwa SMS.

Pili, kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la chuo, acha. Kwenye nafasi ya akaunti andika nambari ya mwanafunzi au jina lake kamili, vile ofisi ilivyokuelekeza.

Tatu, ukiambiwa nambari imebadilika, piga simu ofisini kwa nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Usipige ile iliyo kwenye ujumbe. Punguzo la "leo tu" ni la kukuharakisha usifikirie.

Na ukishakosea, tupigie hapo hapo. Pesa ambayo haijatolewa tunaweza kujaribu kuizuia. Usifute ujumbe wa muamala. Huo ndio ushahidi wako.

Mama yule alianza tena kuweka akiba wiki ile ile aliyotupigia. Muhula huu karo ilifika kwa Paybill, na jina alilisoma mara mbili. Mtoto amerudi kwa mwalimu wake, ingawa ilibidi waanze tena na mazoezi ya mwaka jana.